Upimaji wa oksijeni katika gesi kinga ya uchomeleaji: Mpanda na mkoa wa Katavi

Upimaji wa oksijeni katika gesi kinga ni kazi ya kujua ni oksijeni kiasi gani imebaki kwenye gesi inayozunguka chuma kilichoyeyuka wakati wa kuchomelea. Hufanyika mahali pawili: kwenye gesi inayotoka mdomoni mwa tochi na, mara nyingi zaidi, ndani ya bomba au tangi, upande wa pili wa mshono ambao fundi haoni. Kipimo chake ni sehemu kwa milioni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9, yaani sehemu 209,000 kwa milioni; mshono safi wa chuma kisichoshika kutu hutaka zisizidi 100 hivi, na titani hutaka pungufu ya hapo.

Katavi kazi hii ni nadra. Unadra huo una sababu za kiufundi, si suala la umaskini wa vifaa peke yake.

Karakana na kazi zake

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakawa Mpanda. Mji huo ulikuzwa na madini ya risasi: tawi la reli kutoka Kaliua, lenye kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na uchimbaji ukaja kushikwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kazi za fundi wa kuchomelea hufuata maisha ya mkoa wa namna hiyo: mageti, madirisha ya nondo, matela, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, fremu za mashine za kukoboa mpunga, na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Sehemu kubwa ni chuma cha kawaida, na huungwa kwa fimbo.

Fimbo hujikinga yenyewe. Ganda lake likiungua hutoa gesi inayosukuma hewa pembeni, na mabaki yake huganda juu ya mshono kama gamba ambalo fundi huligonga kwa nyundo. Hakuna mtungi, hakuna mpira wa gesi, kwa hiyo hakuna gesi ya kupima. Anayeunga karasha lililopasuka huko machimboni na kuambiwa anunue kipima oksijeni angekuwa na haki ya kucheka. Hata bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo katika mkoa jirani wa Tabora linapita Nzega na Igunga, ni la chuma cha kaboni. Mishono ya chuma cha aina hiyo hukaguliwa kwa ukali mkubwa, lakini ndani ya bomba hakuhitajiki kufukuzwa hewa mpaka kubaki sehemu chache kwa milioni.

Mahitaji huanza pale chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, kinapoingia karakanani. Katika Katavi mfano ulio wazi ni asali. Misitu ya miombo ya Mlele, kuzunguka Inyonga, ni ya wafuga nyuki tangu zamani, na asali ikitoka kwenye ndoo kwenda kuchujwa na kufungashwa hupitia matangi, mabomba na mashine za stenlesi. Asali ni asidi: pH yake kwa kawaida ni karibu na 4. Mshono ulioungua kwa ndani hukaa ndani ya asidi hiyo miezi na miezi.

Oksijeni inafanya nini

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromiamu, walau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hujiunga na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba sana, wa nanomita chache tu, unaofunika chuma na kujiziba wenyewe ukikwaruzwa. Kwa hiyo oksijeni si adui wa stenlesi iliyopoa. Bila oksijeni utando huo usingekuwapo.

Mambo hugeuka chuma kikiwa chekundu. Hapo oksijeni huvuta kromiamu nyingi kutoka ndani na kujenga tabaka nene la rangi. Chini ya tabaka hilo chuma hubaki na upungufu wa kromiamu, na ni hapo kutu huanza: vishimo vidogo kando ya mshono, wala si katikati yake. Oksijeni ikiwa nyingi zaidi, kama pale fundi anapochomelea bomba bila kuweka gesi ndani kabisa, upande wa ndani huvimba na kuwa chembechembe nyeusi zinazokwaruza kidole. Ukitazama kwa nje mshono unang'aa. Ukimulika tochi ndani ya bomba unaona makaa. Chembe hizo hushika uchafu, huficha bakteria, na haziondoki kwa maji ya moto wala sabuni.

Titani ni kali zaidi, kwani hunyonya oksijeni hadi ndani na kuwa ngumu ya kuvunjika. Aluminiamu ina shida zake, lakini nyingi hutokana na unyevu na mafuta, si na oksijeni iliyomo kwenye mtungi.

Kuna gesi kinga ambayo huwekewa oksijeni makusudi. Katika uchomeleaji wa MIG wa stenlesi, agoni huongezwa oksijeni asilimia 1 au 2 ili tao la umeme litulie na chuma kilichoyeyuka kisambae vizuri. Kaboni dayoksaidi nayo, ikifika kwenye joto la tao, huvunjika na kutoa oksijeni. Ndiyo maana waya wa kuchomelea chuma cha kawaida hutiwa silikoni na manganizi za kuikamata. Kupima sehemu kwa milioni kwenye kazi ya kaboni dayoksaidi ni kujisumbua bure. Mshono ukijaa vitundu hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni naitrojeni ya hewa iliyoingizwa na upepo.

Gesi inakotoka

Kutumia gesi ajizi kukinga mshono ni wazo lililokomaa Marekani mwaka 1941, pale Russell Meredith wa kiwanda cha ndege cha Northrop alipotafuta namna ya kuunga magnesiamu akitumia heliamu na ncha ya tangsteni. Baadaye agoni ilichukua nafasi kubwa zaidi kwa sababu ni nzito kuliko hewa, takriban mara 1.38, na ni rahisi kupatikana: karibu asilimia 0.93 ya hewa yote ni agoni.

Hutenganishwa kwa kupoza hewa mpaka iwe kimiminika, kisha kuichemsha taratibu. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196, agoni kwenye −186, oksijeni kwenye −183. Nyuzi tatu tu ndizo zinazotenga agoni na oksijeni, kwa hiyo oksijeni ni mgeni wa kawaida ndani ya mtungi wa agoni, na kiwanda hufanya kazi ya ziada kumtoa. Agoni ya daraja la 4.5 ina usafi wa asilimia 99.995, uchafu wake wote, oksijeni ikiwemo, hauzidi sehemu 50 kwa milioni. Daraja la 5.0 hauzidi 10.

Tanzania, kampuni kongwe ya biashara hii ni TOL Gases, iliyoanzishwa mwaka 1950, nchi ikiitwa Tanganyika wakati huo, na ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kaboni dayoksaidi yake haitokani na moshi wa kiwanda. Huchimbwa ardhini katika milima ya volkano ya Rungwe, mkoani Mbeya. Kijiografia chanzo hicho kiko karibu zaidi na Mpanda kuliko Dar es Salaam, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa fundi wa Mpanda umbali huo una maana moja ya kiutendaji: mtungi wa agoni ni mali ya kutunzwa, na kila lita inayovuja kwenye mpira uliopasuka imesafirishwa mbali.

Na huvuja. Mara nyingi oksijeni inayoharibu mshono haikutoka mtungini. Imeingia kwenye maungio yaliyolegea, kwenye mpira wa bei nafuu unaopitisha hewa na unyevu kupitia kuta zake, au kwenye nozeli iliyojaa cheche zilizoganda. Fundi akiona mshono mweusi hufungua rejeta zaidi, na hapo hukosea: gesi ikitoka kwa kasi kubwa huanza kuzungukazunguka na kuvuta hewa ndani yake. Kwa TIG, yaani uchomeleaji wa ncha ya tangsteni, lita 8 hadi 15 kwa dakika kwa kawaida hutosha. Karakana nyingi za mjini ni baraza lililo wazi lenye bati juu, na upepo wa kiangazi ukizidi mita 2 kwa sekunde hupeperusha kinga yote. Turubai lililofungwa upande unakotoka upepo linasaidia kuliko lita kumi za ziada.

Kufukuza hewa ndani ya bomba

Ndani ya bomba gesi hufanya kazi tofauti na ile ya tochi. Bomba huzibwa pande zote mbili za mshono, gesi huingizwa upande mmoja, na hewa hutolewa kwenye tundu dogo upande wa pili. Vizibo maalumu vya mpira na vya karatasi inayoyeyuka kwenye maji vipo, lakini boksi lililokatwa mviringo na kubandikwa kwa gundi ya karatasi hufanya kazi ileile kama limekaza. Agoni huingia kwa chini, tundu la kutokea huwa juu, ili hewa iliyo nyepesi iinuliwe na kutoka.

Swali ni kusubiri muda gani. Kanuni ya mdomo inayosikika ni kubadilisha ujazo mara tano. Kanuni hiyo haitoshi, na hesabu inaonyesha. Gesi ikichanganyika kikamilifu na hewa iliyomo, baada ya ujazo mmoja hubaki asilimia 37 ya oksijeni ya mwanzo. Baada ya mitano hubaki sehemu 1,400 hivi kwa milioni. Baada ya minane, 70. Baada ya kumi, chini ya 10. Kwa hiyo minane ndiyo kiasi cha chini cha kufikiria kwa bomba la chakula.

Chukua bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 100. Likizibwa sentimita 30 kila upande wa mshono, chumba chake ni lita 4.7. Mara nane ni lita 38, na kwa lita 10 kwa dakika kazi imekwisha ndani ya dakika nne. Bomba hilohilo la mita 6 likiachwa bila vizibo vya karibu, likazibwa ncha tu, ni lita 47. Mara nane ni lita 377 na subira ya dakika 38. Mtungi wa lita 50 ulioshindiliwa kwa baa 200 una lita 10,000 hivi za gesi. Kipande cha boksi kinaokoa lita 339 kwa mshono mmoja.

Hesabu hizo ni za bomba lililo safi na lisilovuja. Kwenye kona, kwenye matawi na kwenye vali hewa hujificha, na mwanya wa mshono wenyewe, kabla haujafungwa, ni mlango mwingine. Hapo ndipo kipima kinapokuwa na thamani: husema hali ilivyo badala ya hali inavyotarajiwa. Hufungwa kwenye tundu la kutokea, kamwe si karibu na mahali gesi inapoingia, kwani pale kitaonyesha usafi wa mtungi tu.

Vipima

Aina mbili ndizo hutumika sana. Ya kwanza ni seli ya kielektrokemia, ambamo oksijeni hula risasi taratibu na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme. Ni nafuu, hufanya kazi kwa betri, lakini huzeeka hata ikikaa kabatini, kwa kawaida ndani ya miaka michache, na kaboni dayoksaidi ikiwa nyingi huidhoofisha. Ya pili hutumia zirikonia, kauri ambayo ikipashwa hadi nyuzi 700 hivi hupitisha oksijeni kwa umbo la ioni. Upande mmoja huwekwa hewa ya kawaida, wa pili gesi inayopimwa, na tofauti huzaa volti kwa kufuata mlinganyo wa Walther Nernst. Kwa nyuzi 700, gesi yenye sehemu 100 kwa milioni hutoa milivolti 160 hivi. Hewa dhidi ya hewa hutoa sifuri. Kadiri oksijeni inavyopungua ndivyo ishara inavyokuwa kubwa, jambo linaloifanya zirikonia kuwa hodari kwenye viwango vidogo.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Huhitaji kupashwa joto muda kabla ya kusoma, na umeme ukikatika husubiriwa upya. Katavi kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO kabla ya kujengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Tena, kama gesi imechanganywa na haidrojeni, haidrojeni hiyo huungua kwenye kauri ya moto, hula oksijeni, na kipima husoma kidogo kuliko ukweli. Unyevu hausomwi na seli ya kielektrokemia kabisa, ingawa mvuke wa maji huunguza stenlesi vilevile. Bomba lililolala nje usiku wa masika linaweza kuonyesha namba nzuri na bado likatoa mshono wa buluu.

Mkoa wa machimbo una kipima cha tatu kinachopaswa kutajwa, kwa sababu ndicho kinachoelekea kupatikana: kile cha usalama, kinachoshushwa kwenye duara, yaani shimo la mgodi, au kuvaliwa mkandani kujua kama hewa ya chini inavutika. Huyu ni ndugu wa wale wawili kwa umbo, na kumtumia kwenye mshono ni kosa. Kimetengenezwa kusoma kuanzia 0 hadi 25 au 30 kwa mia, kwa hatua za 0.1. Hatua moja hiyo ni sehemu 1,000 kwa milioni. Skrini ikiandika 0.0, ndani ya bomba kunaweza kuwa na sehemu 400 na zaidi, na fundi akaanza kuchomelea akiamini yuko salama. Kipima cha sehemu kwa milioni nacho hakifai duarani.

Mwinuko pia huingia. Mpanda iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni karibu asilimia 88 ya lile la pwani. Asilimia ya oksijeni haibadiliki, ni 20.9 kama Dar es Salaam, lakini seli za aina inayohisi shinikizo la oksijeni, zikiwa zimewekwa sawa pwani bila marekebisho, zitasoma 18.4 na kupiga kengele mahali pasipo na hatari yoyote. Dawa ni kukisawazisha kipima kwenye hewa safi ya mahali pa kazi, nje, mbali na jiko na jenereta.

Kusoma rangi

Asiye na kipima ana rangi. Shirika la uchomeleaji la Marekani lina mwongozo, AWS D18.2, wenye picha ya sampuli kumi za bomba la stenlesi zilizochomelewa kwenye viwango vinavyojulikana, kuanzia sehemu 10 kwa milioni hadi 25,000. Sampuli ya nne ni 100, ya saba ni 1,000. Kutoka fedha, rangi hupita majani makavu, kahawia, zambarau, buluu, kisha kijivu na nyeusi. Majani makavu yaliyofifia hukubaliwa katika kazi nyingi. Buluu iliyokolea kwenye tangi la chakula haifai kukubaliwa.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, picha hiyo iliyochapwa na kubandikwa ukutani ndiyo hatua ya kwanza yenye faida kwa karakana ya Mpanda au Inyonga inayopokea kazi ya stenlesi, kabla ya kununua chochote. Ina upungufu mmoja mkubwa: husema baada ya mshono kuisha. Upungufu huo hupunguzwa kwa kuchomelea kwanza kipande cha majaribio cha bomba lilelile, kukipasua kwa grenda katikati, na kutazama ndani. Muda wa kusubiri uliotoa rangi nzuri huandikwa na kufuatwa kwa mishono inayobaki.

Rangi iliyokwisha kutokea huondolewa kwa dawa ya asidi ya naitriki na haidrofloriki, ambayo hula tabaka lenyewe pamoja na chuma kilichopungukiwa kromiamu chini yake. Ni dawa ya hatari: haidrofloriki hupenya ngozi na kuingia mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa. Kusugua kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida ni kubaya zaidi, kwani huacha chembe za chuma ambazo huanza kutu wiki hiyohiyo. Chembechembe nyeusi za mshono usiowekewa gesi kabisa hazitibiki kwa dawa. Mshono hukatwa na kurudiwa.

Agoni na uhai wa fundi

Agoni haina rangi wala harufu, haiwashi koo, na kwa kuwa ni nzito hutuama chini kama maji. Fundi anayeingia ndani ya tangi kukagua mshono alioufukuzia hewa anaingia mahali palipotolewa oksijeni makusudi. Viwango vya usalama vinavyotumika sana huweka mpaka wa chini kwenye asilimia 19.5. Chini ya 10 mtu hupoteza fahamu, na kwenye 6 hufa baada ya dakika chache. Mwili hautoi onyo, kwa sababu hisia ya kukosa pumzi huletwa na kaboni dayoksaidi inayojaa kwenye damu, si na kukosekana kwa oksijeni. Mwenzake anayerukia kumwokoa huanguka juu yake, jambo ambalo wachimbaji wa maduara wanalifahamu.

Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, humwajibisha mwajiri kwa usalama wa waliomo kazini. Kiutendaji, rejeta hufungwa, mpira hutolewa nje ya tangi, na hewa hupulizwa ndani kwa feni kutoka chini, ambako agoni imelala. Kisha kipima cha usalama, kile kisichofaa kwenye mshono, hushushwa kwa kamba mpaka sakafuni na kusomwa kabla mtu hajaweka mguu kwenye ngazi, huku mwingine akibaki mlangoni muda wote.